Uhura na Maadili ya Kutoingilia

Katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek (1966–1969), wasafiri wa anga hufungwa na amri kuu: wasiingilie maendeleo ya viumbe wa sayari nyingine. Miongoni mwao yumo Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, ambaye jina lake limetokana na neno la Kiswahili 'uhuru'. Je, uhuru ni kuachwa tu? Amri hiyo huchukulia kwamba mgeni hajagusa kitu. Jina la mtaa wa Landless, Thika, lataja wasio na ardhi. Na uhuru wa 1963 uliwakuta walowezi wamekwisha kuhodhi mashamba ya kahawa na mkonge. Kwa aliyekwisha kunyang'anywa, kutoingilia si heshima, bali ni kuidhinisha dhuluma. Heshima huanza kwa kurejesha.