Umejuaje?

Watoto wetu wa vyuoni husoma vizuri. Herufi wazitoa mahali pake, na wengi wao huhitimu Msahafu kabla ya kubaleghe. Neema hiyo hatuibezi. Lakini mtoto yule yule ukimwuliza jambo ambalo kitabu hakikulitaja kwa jina lake, hukutazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni, kwani hajafunzwa kuwa maneno huchukua zaidi ya yale yanayotamkwa.

Wanavyuoni wa zamani kazi ya kuitoa maana hiyo waliiita istinbati, na asili ya neno hili kwa Waarabu ni kuyatoa maji ya kisima kinapochimbwa. Maji yamo chini tangu hapo, mchimbaji hakuyaumba.

Na mtoto aliweza kazi hii. Sayyidna Umar katika ukhalifa wake (634–644) alikuwa akimwingiza Ibn Abbas, naye ni kijana, katika baraza ya wazee waliopigana Badri. Baadhi yao hawakupendezwa, maana nao walikuwa na wana wa rika lake. Basi siku moja akawauliza wote juu ya Sura ya Nasr. Wengine wakasema ni amri ya kumhimidi Mola na kumwomba maghufira ipatikanapo nusura, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema ni khabari ya kukaribia ajali ya Mtume (s.a.w.). Sayyidna Umar akajibu kuwa naye hajui ila hivyo. Sura haikutaja mauti hata kwa herufi moja! Lakini aliyetumwa kazi akaambiwa kuwa imetimia, watu wameingia katika dini makundi makundi, sasa aombe maghufira, huyo amekwisha kuagwa. Wazee walisema kweli pia, ila waliishia juu ya ardhi.

Mwalimu aanze kwa jepesi. Mwenyezi Mungu amekataza tusiwagunie wazazi wetu. Kuwapiga hakukutajwa mahali hapo. Je, ni halali? Mtoto wa miaka saba atacheka. Asiachwe acheke tu, aulizwe, "Umejuaje?" Atatatizika kidogo, kisha atasema kuwa kupiga kwaudhi zaidi. Hapo amekwisha kuonja usuli wa fikihi, naye hajui hata jina lake.

Wako watakaosema: mkiufungua mlango huu, kesho kila mtoto atakuwa mufti. Khofu yao twaifahamu. Walakini mlango u wazi zamani: mtoto ana simu mkononi, na kila usiku yuko wa kumwambia maana ya aya. Asiyezoea kuuliza "umejuaje" atamfuata mwenye sauti kubwa. Tena hatusemi kila mtu atoe hukumu. Twasema kila msomaji aijue dalili na dhana zinavyotengana.

Imepokewa kuwa katika zama za Sayyidna Umar mwanamke alizaa kwa miezi sita, akahukumiwa kupigwa mawe. Waliomhukumu nao walikuwa wametoa maana: walihesabu miezi, wakaona ni michache, wakakata kuwa amezini. Sayyidna Ali akachukua aya mbili. Katika Sura ya Ahqaf, mimba na kuachishwa ziwa ni miezi 30. Katika Sura ya Baqara, kunyonyesha kuliko kamili ni miaka 2, yaani miezi 24. Ziondoe, itabaki 6. Mwanamke akaachiliwa. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili imeiokoa roho, na aya zote mbili watu walikuwa wakizisoma kila siku.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Kijana akishafunzwa kuyasoma yasiyosemwa, ataanza kuzisoma na nyuso za majirani. Hapa azuiwe, hata akiwa na ishara mkononi. Usama bin Zaid alimwua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada. Alikuwa na hoja: yule aliliogopa silaha tu. Na nani kati yetu asingedhani hivyo? Mtume (s.a.w.) akamwuliza kama aliupasua moyo wake hata akajua. Akalikariri swali lile, akalikariri, mpaka Usama akatamani lau angekuwa hakusilimu ila siku ile.