TUMAINI SI KUMWAMURU MUNGU



Swali moja limetujia mara nyingi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Familia zilizokwisha kumaliza mahojiano na vipimo ziliambiwa zingoje. Wengi walikuwa wamefunga na kuomba. Wengine walitabiriwa hata mwezi wa kupanda ndege. Sasa wanauliza: Je, Mungu si mwaminifu?

Tusijibu haraka. Kwanza tuulize: Mungu aliahidi nini? Katika Yeremia 28, nabii Hanania alitangaza kwamba ndani ya miaka miwili mateka na vyombo vya hekalu vitarudi kutoka Babeli. Ni neno ambalo kila mkimbizi angependa kulisikia. Lakini Bwana hakumtuma. Katika sura ya 29 Yeremia anawaandikia mateka barua nyingine: itakuwa miaka 70, basi wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji walikopelekwa. Wote wawili walisema habari za kurudi. Kosa la Hanania ni kwamba alilitia tumaini hilo tarehe yake mwenyewe.

Tofauti iko hapo. Mwenye imani hushika lile Mungu alilosema, hata likikawia. Mwenye kumjaribu Mungu hushika lile alitakalo yeye, kisha huliita ahadi. Ibilisi alimtaka Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, akamtajia na Maandiko juu yake. Yesu hakuwa na shaka na Baba yake, lakini alikataa (Luka 4).

Mtu atasema: Mchungaji, hii si imani ya waoga? Je, tusiombe makubwa? Tuombe, tena bila kuchoka. Shadraka, Meshaki na Abednego walijua kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Lakini walikuwa tayari kusimama naye hata asipowaokoa (Danieli 3). Hawakuupunguza uwezo wa Mungu, walimwachia uamuzi. Nao walisema hayo wakitishiwa tanuru ya moto. Mwoga hawezi.

Jambo hili ni zito kwetu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo waliuawa katika kambi ya Gatumba. Miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo, na watu waliomwita Mungu. Tukihubiri kwamba mwenye imani ya kutosha hapatwi na baya, tunawaambia wajane na yatima wa Gatumba kwamba wapendwa wao hawakuamini vya kutosha. Neno hilo ni la ukatili, tena si kweli. Stefano alijaa imani, na alipigwa mawe hadi kufa.

Basi tufanyeje? Mvua za Septemba zikianza, mwenye kipande cha shamba, hata cha kukodi, apande maharage. Asiseme, "Nitakuwa nimekwisha kuondoka." Mtoto asitolewe shule kwa ajili ya safari isiyo na tarehe. Mgonjwa aombewe, na dawa anywe. Na sisi tunaohubiri tusitaje mwezi ambao Bwana hakuutaja, kwa maana anayepata hasara si mhubiri, ni mama aliyeuza masufuria yake kwa kungoja ndege.

Jina la mtu likitoka kwa safari, tutamshukuru Mungu na kumsindikiza kwa nyimbo. Maharage yake watakula waliobaki. Lisipotoka, Bwana aliyeahidi kuwa pamoja nasi siku zote (Mathayo 28:20) yuko hapa hapa Giheta. Ahadi hiyo hakuna serikali iwezayo kuisimamisha.

Bwana awatie nguvu. Amina.