Swichi Ndogo na Swali la Kipimo Safi

Je, kitu kinaweza kupimwa bila kuguswa na kipimo chenyewe? Swali hilo la falsafa limo ndani ya swichi ya ridi, aliyoibuni Walter B. Ellwood wa Bell Telephone Laboratories, Marekani, mwaka 1936: vipande viwili vyembamba vya metali ndani ya kioo, vinavyogusana vikivutwa na sumaku ya koili. Katika vyombo vya kupimia saketi, swichi hizo zilipunguzwa ukubwa na kusogezwa karibu mno, hata sumaku ya moja ikaisumbua jirani. Zikawekewa kinga ya metali. Lakini joto la koili bado huzaa volti hafifu kwenye viungo vya metali tofauti. Usafi kamili, basi, haupatikani. Mhandisi mwaminifu anayepima ukinzani hupima mara mbili, akigeuza mwelekeo wa mkondo, ili mchango wa swichi utengwe na wa kitu kinachopimwa.