Je, Simu Inaweza Kuwa Mwalimu?



Kila likizo nikirudi Mkula nakutana na swali lile lile kutoka kwa wazazi wa jumuiya: simu zinawasaidia wanafunzi au zinawaharibu? Mimi nadhani tuanzie nyuma kidogo. Kufundisha ni nini hasa?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, karne ya 13, analijibu katika Maswali juu ya Ukweli, swali la 11. Anamlinganisha mwalimu na daktari. Dawa inasaidia, ila unaopona ni mwili wenyewe. Kwa hiyo mwalimu hamimini elimu kichwani kama maji kwenye ndoo; anaiamsha akili ambayo Mungu ameshaiwashia mwanga. Sasa pima hapo. Kunakili ubaoni mpaka daftari lijae bila kuelewa, na kunakili jibu kwenye simu, tofauti iko wapi? Labda vumbi la chaki tu. Jamani, kukariri hakukuletwa Simiyu na intaneti.

Na kifaa kinaweza kuamsha kweli. Mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti kwenye vijiji takribani 170, zikichajiwa kwa umeme wa jua, kwa watoto ambao wengi hawakuwahi kusoma shule. Waligusa, wakakosea, wakarudia. Baada ya miezi 15 wapo walioweza kusoma Kiswahili. Mwaka 2019 onebillion na Kitkit School wakagawana zawadi ya dola milioni 10.

Lakini huku kwetu watoto wengi wanaingia darasa la kwanza na Kisukuma mdomoni. Mtoto akikwama, tableti inarudia sentensi ile ile. Mwalimu mzuri anamtazama usoni, anagundua kilichomshinda siyo hesabu bali neno, analisema kwa Kisukuma, na mtoto anacheka: kumbe! Hiyo siyo mbinu tu. Mtu amemjali mtu, na kujali huko hakuchajiwi kwa jua.

Ila darasa likijaa watoto mia, mwalimu atamtazama nani? Ndo maana siwezi kuwaambia mzime simu. Kwa wengine ndiyo mwalimu pekee aliye karibu saa mbili usiku.

Wewe uliyemaliza kidato cha nne na unasubiri matokeo, una bando na una Kisukuma. Mtoto wa jirani ana daftari. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, mabenchi ya kigango yako wazi.