Uhalisi wa Vazi

Kitu halisi ni kitu gani? Swali hili ni fupi, na mtu asiyelipima huliona jepesi. Maziwa halisi ni yale yasiyotiwa maji. Asali halisi ni ile isiyochanganywa na sukari. Shahidi halisi ni yule aliyeona kwa macho yake. Lakini tukitoka katika vyakula na mashahidi, tukaingia katika mambo ya kuigiza, ambamo kijana wa leo hujivika mavazi ya mtu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita, swali hugeuka likawa zito. Je, kitu kilichotengenezwa jana chaweza kuwa halisi? Na kama chaweza, uhalisi wake hukaa wapi: katika chuma chake, katika bei yake, au katika moyo wa mvaaji? Sililetei swali hili jibu nililozaliwa nalo. Nilipata kulikosea mbele ya wanafunzi wangu, na gharama ya kosa lile haikulipwa na mimi.

Nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya sekondari ya Mishomoroni, katika bara ya Kisauni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na kichwa changu kimejaa elimu ambayo haijapigwa na jua. Mwaka ule tuliazimia kuonyesha mchezo wa Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari, kwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyochapishwa kwanza mwaka 1963, kisha ikarekebishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wakuu wa Roma hawakututaabisha, maana shuka nyeupe haikosekani nyumbani. Taabu ilikuwa askari. Nilibandika ukutani picha ya askari wa Kirumi: kifuani ana vibamba vya chuma vilivyopandana, kichwani chapeo, mkononi ngao ndefu iliyopinda, ubavuni upanga mfupi. Nikawaambia vijana, "Kila askari alete vazi kama hili, na liwe halisi. Sitaki maboksi."

Kijana mmoja, mwana wa mvuvi wa mkono wa bahari wa Tudor, alikuja siku ya tatu na shati alilolisuka mwenyewe kwa uzi wa nyavu, fundo kwa fundo, kisha akalipaka rangi ya fedha. Akaniamkia, akasema, "Mwalimu, deraya yangu ni hii." Darasa likacheka. Ningaliweza kukizima kicheko kile, wala sikukizima. Nikamwambia, "Huu ni wavu, mwanangu. Askari wa Kaizari hakuwa mvuvi. Nenda kwa fundi wa mabati akutengenezee kitu halisi."

Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Siku ya tano nilikwenda kwao. Mama yake alinipokea kwa heshima, akanitolea kiti, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea, "Mwalimu, shule haiwezi kutungojea hata mwisho wa mwezi? Fundi ataka shilingi 2,500, na baba yake hana. Mtoto amekwenda sokoni Kongowea kubeba magunia." Sikuwa na la kumjibu. Nilikwenda Kongowea, nikamwona kijana wangu ameinama chini ya gunia la viazi, na shingo yake imejaa vumbi. Aliponiona aliona haya yeye, ingawa aliyestahili kuona haya alikuwa mimi.

Usiku ule nilifanya kazi ambayo ilinipasa kuifanya kabla ya kubandika picha ukutani: nilisoma. Nikajifunza kwamba picha yangu ilifuata sanamu zilizochongwa katika nguzo ya Mfalme Trajani mjini Roma, ambayo ilimalizika mwaka 113 baada ya Kristo. Kaizari aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo. Kati ya askari wa picha yangu na askari wa mchezo wetu palikuwa na miaka zaidi ya 150. Deraya ya vibamba ilianza kuonekana katika miaka ya mwisho kabla ya Kristo, Kaizari akiwa amekwisha kufa. Iliyo ya kale zaidi katika zile zinazokaribia kuwa kamili ilifukuliwa Kalkriese, nchini Ujerumani, mwaka 2018. Askari wa Kaizari aliyekuwa na deraya alivaa shati la pete ndogo za chuma, kila pete imeshikana na pete nne nyingine, kama vile matundu ya wavu yanavyoshikana. Kwa hiyo aliyechekwa ndiye aliyeukaribia ukweli, na mwalimu aliyemrudisha ndiye aliyekuwa mbali nao.

Msomaji asidhani kwamba kosa langu lilikuwa la historia tu. Tuseme picha yangu ilikuwa sahihi, na shati la yule kijana halikufanana na kitu chochote cha Roma. Je, ningalikuwa na haki ya kumpeleka chini ya magunia? Hata kidogo. Mtu aweza kusema kweli juu ya wafu na huku akawadhulumu walio hai. Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka vijana walishike: hapana usahihi wa vazi unaoweza kulipia dhuluma iliyotumiwa kulipata. Anayenunua chapeo kwa karo ya mdogo wake, au kwa fedha ya unga wa mama yake, amevaa deni kichwani.

Tena, tukiwachunguza askari wa Kirumi wenyewe, twaona kwamba wao hawakulijua vazi kama sisi tunavyoliwaza. Mwanahistoria Tacitus ameeleza uasi wa askari wa mwaka 14 baada ya Kristo, ambao walinung'unika kwamba katika ujira wao mdogo wa kila siku iliwapasa kulipia nguo, silaha na hema. Chapeo kadhaa zilizofukuliwa zimechorwa majina ya wenyewe, na nyingine zina majina zaidi ya moja, kwa sababu askari mmoja alipotoka jeshini au alipokufa, chapeo yake ilipita kwa mwingine. Vazi halisi la askari wa Kirumi, basi, mara nyingi lilikuwa mtumba.

Hata Afrika yetu inayo ushahidi. Mwanzoni mwa karne ya 2 palikuwa na kijana mmoja nchini Misri, jina lake Claudius Terentianus, aliyekuwa katika jeshi la majini huko Aleksandria kabla ya kuhamia jeshi la nchi kavu. Barua zake zilifukuliwa Karanis na wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Michigan. Katika barua mojawapo anamwomba Tiberianus, ambaye anamwita baba, ampelekee upanga, sururu, mikuki, joho na kanzu. Huyo ndiye askari halisi: kijana anayeanza, asiyekuwa na kitu, anayetazama nyumbani kwa mzazi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwana wa mvuvi. Nilikuwa nimemtafuta askari wa Kirumi katika bati la fundi, naye alikuwa amesimama mbele yangu, akiniamkia.

Labda msomaji mwerevu atauliza: "Ikiwa ni hivyo, usahihi una faida gani? Basi kila mtu na avae apendavyo." La, sisemi hivyo. Hebu tufikirie mchezo juu ya kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, vita vilivyoanza mwaka 1696 na kumalizika mwaka 1698, wakati Waomani walipowatoa Wareno. Tuseme wageni wameucheza mchezo huo ng'ambo, na watu wa Mvita wakavikwa manyoya na majani, kana kwamba pwani hii haikujua pamba wala hariri. Tungekasirika, na hasira yetu ingekuwa ya haki, kwa maana wafu wetu wangekuwa wamesingiziwa, nao hawana mdomo wa kujitetea. Kama tunavyodai haki hiyo kwa wazee wetu, yatupasa kuwapa haki hiyo wazee wa wengine. Usahihi ni adabu kwa watu wasioweza kutusahihisha.

Lakini adabu ina kipimo, nayo haigeuki kuwa kiburi. Wataalamu wenyewe hujirudi. Mwaka 1964 lilifukuliwa huko Corbridge, kaskazini ya Uingereza, sanduku lenye vipande vya deraya za vibamba, na kwa vipande hivyo wataalamu walitambua kwamba namna walivyokuwa wakiviunganisha hapo kwanza haikuwa sawa. Hawakuona aibu kuubomoa mfano wa kwanza na kutengeneza mwingine. Naye Shakespeare, katika mchezo huu ulioonyeshwa London mwaka 1599, aliifanya saa igonge katika Roma ya Kaizari, ambayo haikuwa na saa za kugonga. Kosa hilo halikuuua mchezo, kwa sababu alichokitafuta zaidi ni ukweli wa mioyo: wivu, urafiki, na hofu ya utawala wa mtu mmoja. Mtu aweza kukosea saa akapatia moyo. Na mwingine aweza kupatia kila msumari wa kiatu akaukosa moyo wote. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo, kijana unayeanza, ukitaka kujivika vazi la watu wa kale, liwe la Roma au la Mvita, shika utaratibu. Kwanza jua ni mtu gani unayemwiga, wa mwaka gani na wa mahali gani. Maarifa haya hayana uzito mfukoni. Pili, anza na vitu vya chini: kanzu fupi ya sufu au ya kitani, mshipi, na viatu vya ngozi. Askari aliishi katika kanzu yake siku nyingi kuliko alivyoishi katika vita. Tatu, tengeneza kile ambacho mikono yako yaweza kutengeneza, maana afumaye shati la pete hujifunza juu ya askari jambo ambalo mnunuzi hatalijua. Nne, azima. Huko Uingereza, ambako chama cha Ermine Street Guard kimeigiza maisha ya askari wa Kirumi tangu mwaka 1972, na katika nchi nyingine zenye vyama kama hicho, ni kawaida mgeni kuvaa kwanza vitu vya wenzake. Husemwa kwamba cha kuazima hakisitiri; lakini methali hiyo humwonya ajifanyaye mwenyewe wa kitu cha mtu. Anayesema wazi kwamba ameazima amekwisha kujisitiri kwa maneno yake. Chuma cha gharama na kije mwisho, baada ya mtu kujua anunue nini na kwa fedha ya nani.

Katika hayo yote, kilicho kikubwa ni kusema kweli juu ya kitu chako. Chapeo ya karatasi si uongo. Uongo huanza pale mtu anaposema ni ya chuma, au anapotumia chuma chake kumdharau mwenye karatasi. Kitu halisi ni kile ambacho mwenyewe hakifichi asili yake, amekifanya kwa bidii kadiri ya ujuzi wake, na hakumnyang'anya mtu haki yake ili akipate.

Nilimwomba radhi yule kijana mbele ya darasa lile lile lililomcheka, na nikaitoa picha ukutani. Aliwafundisha wenzake kufunga mafundo ya nyavu, na askari wetu wote wakavaa mashati ya uzi. Jioni ya mchezo, kabla ya pazia kufunguliwa, niliwaambia wazazi kwamba deraya zetu ni za uzi na chapeo zetu ni za karatasi, na kwamba tumeziiga deraya na chapeo za miaka ile kwa kadiri ya ujuzi wetu. Mvuvi alikuwa ameketi mstari wa nyuma. Sijui alifikiri nini alipoona kazi ya mikono yake imesimama kumlinda Kaizari.

Hata hivyo, siku zile tano za magunia hazikurudi. Katika siku hizo palifanywa mtihani wa hesabu, na mbele ya jina la kijana yule palibaki nafasi tupu katika daftari langu. Ninalo daftari hilo hata leo. Kila ninapotaka kumwambia mwanafunzi kwamba kitu chake si halisi, hulifungua kwanza nikaitazama nafasi ile.