Viti 390

Kamati ya harusi ilikuwa na shilingi 135,000 za hema na viti. Hema lilikodishwa kwa 60,000, kila kiti kwa 500. Kazi ya kujua vitapatikana viti vingapi alipewa kijana wa kidato cha pili, maana wazee walikuwa wanabishania pilau.

Aliandika vizuri tu: 500x + 60,000 = 135,000. Kisha akaihamisha 60,000 kwenda upande wa kulia bila kubadili alama, akapata 500x = 195,000. Akagawanya: x = 390. Kamati ikafurahi, ikaongeza waalikwa.

Wala hakuwa mzembe, kijana huyu. Alihakiki. Alizidisha 390 kwa 500, ikatoka 195,000 sawasawa, akapiga mstari chini ya jibu. Ila alihakiki kwenye mstari wa pili, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuharibu, na jibu lililozaliwa na mstari mbovu halina budi kuelewana nao. Angeirudisha 390 kwenye mlinganyo wa mwanzo, mahali pa x, upande wa kushoto ungetoa 195,000 + 60,000, yaani 255,000, huku wa kulia ukibaki 135,000. Hapo angejua.

Viti vikashushwa, na mwenye viti akapiga hesabu yake. "Mjomba, mbona pungufu laki moja na ishirini?" Watu wakachangishwa upya, wengine wakiwa wameshavaa nguo za sherehe. Jibu lilikuwa 150: viti 75,000, hema 60,000, jumla 135,000.

Kurudisha jibu kwenye swali la mwanzo si mbwembwe za walimu wa leo. Katika mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa Misri na mwandishi Ahmes karibu mwaka 1550 KK na sasa yamo British Museum, London, kuna swali hili: kiasi kikijumlishwa na sehemu yake ya saba huwa 19. Jibu ni 16 na 5/8. Sehemu yake ya saba ni 2 na 3/8; jumlisha, utapata 19. Huhitaji kujua Ahmes alipita njia gani ili ulikague jibu lake.

Basi wewe unayejiandaa na mtihani, usihakiki kwenye mstari ulioutengeneza mwenyewe. Rudi kwenye ule uliopewa. Na kama swali ni la maneno, rudi kwenye maneno yenyewe.