Picha za Watu Kwenye Diski Yangu

Diski yangu ya zamani ni GB 500, mpya ni TB 1. Naweza kukopi kila kitu bila kuchagua, na hapo ndipo shida iko. Nafasi ikiwa ndogo lazima ujiulize nini kibaki. Ikiwa tele, hujiulizi chochote.

Lakini si vyote ni vyangu. Kuna picha za mtu tuliyependana tukaachana. Alinitumia akiniamini. Je, ruhusa ya wakati ule bado ipo?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka data isiyostahili kuwekwa ifutwe, ila haigusi mambo ya mtu binafsi nyumbani kwake. Hapo inabaki dhamiri.

Utasema, si zimekaa tu, zinamuumiza nani? Sikubali. Picha ikikaa miaka, labda umeisahau. Ukiikopi upya, umeamua.

Kwa hivyo nimemtumia meseji, nikamuuliza. Akisema nifute, nafuta kwa diski zote mbili. Na ile ya zamani siiuzi ovyo: kudelete pekee hakutoshi, mara nyingi faili hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake.